Msiwaketishe Benchi Moja

Maneno niliyoyasema mbele ya wajumbe wa mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, ukumbi wa kata, Morogoro, katika Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Nimeyaandika kutoka kwenye rekodi ya simu, nikapunguza salamu na mizaha ya pale ukumbini.

Mheshimiwa diwani, wenyeviti wa mitaa, mashehe wetu, wachungaji wetu, baba zangu na mama zangu wajumbe wa mabaraza, shikamooni. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Kwenye ratiba nimeandikwa "wakili". Naomba nirekebishe mapema, mawakili wasije wakanidai. Mimi ni msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale mnaowakuta chini ya mwarobaini nje ya Mahakama ya Mwanzo, na faili la plastiki mapajani, wakiwaandikia watu barua na kuwaonyesha dirisha la kulipia. Sikuja kuwafundisha Sheria ya Ndoa. Wapo humu waliosuluhisha ndoa za watu kabla sijaolewa, na yumo mmoja aliyewahi kuisuluhisha ya kwangu, leo simtaji.

Nimekuja na ombi. Nalitoa sasa hivi, muda utakaobaki nautumia kulitetea. Mtu aliyepigwa akija barazani, msimketishe benchi moja na aliyempiga. Na siku hiyo hiyo, kabla hamjamuuliza habari za mahari na mawifi, mwambieni kuwa mahakama ina uwezo wa kumpa zuio, yaani amri ya kumkataza aliyempiga asimsumbue tena.

Ombi ni hilo. Sasa niwaambie lilikotoka.

Miaka kadhaa nyuma nilimsindikiza mama mmoja kwenye baraza. Kata siitaji, na wajumbe wake hawamo humu, kwa hiyo tulieni. Chumba kilikuwa kidogo, meza imetandikwa kitenge, ukutani kalenda ya mwaka uliopita. Wajumbe walikuwa wanne. Mbele ya meza paliwekwa benchi la shule, lile la watoto watatu. Mume alishafika. Shati limenyooshwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inaonekana. Alisimama, akawasalimia wazee mmoja mmoja kwa kuinama, akampisha mkewe akae kwanza. Mjumbe aliyekuwa karibu yangu akanong'ona, "Kijana mstaarabu huyu."

Mama akakaa. Nafasi iliyobaki kati yao ingetosha chungwa, papai isingepita. Mwenyekiti akamwambia kwa upole kabisa, "Haya mwanangu, eleza kinachokusumbua. Usiogope, hapa uko kwa wazazi." Mama akafungua mdomo. Mume akakohoa. Kikohozi kidogo tu, cha mtu anayesafisha koo. Mama akafunga mdomo. Akashika pindo la kanga, akalifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Kisha akasema, "Tumeshaelewana, wazee wangu. Nilikuwa na hasira tu."

Wazee walifurahi, na nani asingefurahi? Mke na mume wakapewa nasaha nzuri, wakashikana mikono, karatasi ikaandikwa kuwa shauri limesuluhishwa. Shughuli yote haikufika nusu saa, na ndani ya hiyo nusu saa mjumbe mmoja alitoka mara mbili kupokea simu.

Siku ya 12 baada ya hapo nilimkuta wodini, mkono umefungwa hogo toka kwenye kiwiko mpaka karibu na kucha. Nikamuuliza kwa nini siku ile alinyamaza, tulishapanga kila kitu njiani, hata tarehe za kupigwa nilimkaririsha kwenye daladala. Akacheka. Ndiyo, alicheka. "Dada," akaniambia, "huwa anakohoa vile kabla hajavua mkanda."

Wajumbe wale walikuwa watu wazuri, na mimi mwenyewe nilikuwepo, nilikisikia kikohozi kwa masikio yangu na sikukielewa. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na kwa bahati siku hizi kata ni nyinyi. Lakini kata iliyotundikwa ukutani haiwezi kujua maji ya mtungini yana nini. Lazima izame. Na haizami kama mtungi na aliyeupasua wamewekwa bega kwa bega.

Turudi kwenye sheria kidogo, nitajitahidi nisiwachoshe.

Sheria ya Ndoa ilianza kutumika tarehe 1 Mei 1971. Kifungu cha 66 hakina kona kona: hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, hata kama mila inaruhusu. Kinasema mwenzi, kwa hiyo kinamlinda mke na kinamlinda mume. Zaidi ya miaka 50 sasa. Bado kuna bibi arusi anakaa kwenye kitchen party anaambiwa na shangazi kuwa kofi moja moja ni pilipili ya ndoa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 uliwauliza Watanzania kama kuna sababu yoyote, hata moja, inayomhalalishia mume kumpiga mkewe: kaunguza chakula, katoka bila kuaga, kagoma tendo la ndoa. Waliokubali kuwa ipo walikuwa asilimia 40 ya wanaume. Wanawake je?

(Ukumbini walisema 20, wengine 10. Baba mmoja nyuma akasema 30.)

Asilimia 58. Mama zangu, ni sisi. Kwa hiyo mnapomsikia mwanamke anasema mbele yenu "kanipiga lakini na mimi nilikosea", msiandike kwamba amekiri kosa. Hilo ni somo alilofundishwa, analirudia kama alivyolikariri.

Sasa njoo kifungu cha 101, hiki ndicho kinachowapa nyinyi kazi. Mtu hawezi kufungua shauri la talaka mahakamani mpaka kwanza apeleke mgogoro kwenye baraza, na baraza lithibitishe kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Aliyeandika alikusudia mema: ndoa zisivunjwe kwa hasira ya wiki moja. Kwa ndoa zilizogombania pesa, wakwe, au mtu kurudi usiku wa manane, mabaraza yameokoa nyumba nyingi na mimi nashuhudia. Ila sheria ile ile, kwenye kifungu cha 107, inautaja ukatili, wa mwili na wa akili, wa kumtesa mwenzi au watoto, kuwa ushahidi wa ndoa kuvunjika kabisa. Sasa tazameni jinsi mambo yanavyogongana. Jambo lenyewe linaloonyesha ndoa imevunjika ndilo linalomzuia mwanamke kusema barazani, na asiposema hamtoi hati ya kushindwa kuwapatanisha, na bila hati mahakama haimpokei.

Kuna mlango wa pembeni. Kifungu hicho hicho cha 101 kinaorodhesha hali ambazo mtu anaruka baraza. Mwenzi kamtoroka na hajulikani alipo. Anaishi nje ya nchi na hatazamiwi kuingia nchini ndani ya miezi 6. Ameitwa barazani akagoma kwa makusudi. Na mwishoni, mahakama ikiridhika kuwa kuna mazingira ya kipekee yanayofanya baraza lisiwezekane. Anayeamua ni hakimu, si nyinyi. Lakini mkiona mtu kaja na jicho limefumba, mkaandika mistari mitatu kwamba wajumbe wameona majeraha na wanaona si salama kuwakutanisha hawa wawili, hakimu atakuwa na kitu cha kushika mkononi. Karatasi ya mistari mitatu yenye muhuri. Wengi wenu hamkujua kuwa mnaweza kuiandika, na nani aliwaambia? Baraza linapewa muhuri na kitabu cha risiti, semina linaahidiwa.

Na hata kama mnawasikiliza, sheria inataka kila upande upewe nafasi ya kujieleza. Haisemi wajieleze wakiwa wamegusana mabega. Mwiteni mmoja saa 3, mwingine saa 5. Mmoja akae chumba cha ofisa mtendaji. Mwacheni aje na dada yake. Wakati wa kutoka, mwambieni mume abaki asaini kitu chochote, kitabu cha mahudhurio kinatosha, mke atangulie apande bodaboda. Dakika 15. Njia ya kutoka barazani kwenda nyumbani ndiyo ndefu kuliko zote, aliyeitembea anajua.

Hilo la dakika 15 linanipeleka kwenye zuio.

Watu wanadhani hatari inapungua mke akishaamua kuondoka. Kwa tunaokaa na hizi kesi ni kinyume. Anayepiga ili atawale, ukimwonyesha kuwa anayetawaliwa anatoka, mkono unakuwa mzito zaidi. Siku ya kupokea wito wa mahakama, siku ya kwanza ya kesi, siku ya kuja kuchukua nguo za watoto: hizo ndizo siku zinazoninyima usingizi. Na ndizo siku ambazo karatasi ya mahakama ingetakiwa iwe imeshatangulia.

Majirani zetu wana sheria yake kabisa. Uganda walipitisha ya kwao mwaka 2010. Kenya mwaka 2015: hapo hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi ya muda kabla hata ya kumsikia mlalamikiwa, ikiwa kungoja kuna hatari, anaweza kumwondoa mpigaji nyumbani, na anayeikiuka anakabiliwa na kifungo hadi miezi 12 au faini hadi shilingi 100,000 za Kenya, au vyote viwili. Inamlinda hata mchumba, hata aliyeachana naye zamani. Sisi Bara hatuna sheria moja ya ukatili wa majumbani. Tumeiomba na tunaendelea kuiomba.

Lakini naomba mnisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo watu wetu wanapokata tamaa bure. Kutokuwa na sheria ya jina hilo hakumaanishi mikono mitupu. Sheria ya Ndoa, kule mwishoni mwishoni, mbele ya vile vifungu vya watoto, ambako wasomaji wengi wameshachoka na kufunga kitabu, inasema wakati wowote shauri la ndoa likiendelea, au baada ya amri ya kutengana au ya talaka, mahakama inaweza kumwamuru mtu aache kumlazimisha mwenzi wake, au aliyekuwa mwenzi wake, kuwa naye, na aache kumsumbua kwa namna yoyote nyingine. Hilo ndilo zuio. Limo humo tangu 1971. Mara ya kwanza nilipomwandikia mama mmoja ombi hilo, karani aliniuliza nimelitoa wapi. Nikamfungulia kitabu. Akasoma, akageuza, akatazama jalada kama ni kitabu kile kile, akasema, "Kumbe." Siku hizo nilikuwa na mwaka wa pili kwenye kazi hii, na hiyo "kumbe" ya karani niliitembea nayo mpaka nyumbani.

Haliombwi kwa sababu halijulikani. Halijulikani kwa sababu haliombwi. Mmoja lazima aanze, na nawaomba muwe nyinyi, maana mtu aliyepigwa akitoka kwa mjumbe wa nyumba kumi na kwa shangazi, wa tatu anayemwona ni nyinyi. Mahakama ni ya nne au ya tano.

Linaombwaje? Aliye na shauri la ndoa mahakamani, au anayelifungua, anaandika ombi dogo ndani ya shauri hilo na hati ya kiapo. Kama hali inatisha anaambatanisha hati ya dharura, na anaweza kuomba asikilizwe upande mmoja kwanza, mwenzake ataitwa baadaye ajibu. Kwenye kiapo asiandike "ananinyanyasa sana". Kila mtu anaandika hivyo. Aandike siku, saa, kitu alichopigiwa, nani aliyesikia kelele. "Usiku wa kuamkia Jumapili alinigonga na ufunguo wa spana kwenye bega, mpangaji wa chumba cha pili akagonga mlango." Hakimu akisoma hapo anaiona spana. Aambatanishe PF3 aliyopewa polisi ikajazwa hospitali, na namba ya taarifa kutoka Dawati la Jinsia na Watoto. Na zile meseji. Jamani, zile meseji! Mwanamke anafuta meseji ya "nitakuua" kwa sababu mtoto anachezea simu. Mwambieni asifute. Amtumie dada yake, amtumie mtu anayemwamini, abaki nazo. Ushahidi wa kielektroniki mahakama zetu zinaupokea kisheria tangu 2015.

Na aombe vitu vinavyoshikika. "Asinisogelee" ni neno zuri, lakini askari atalipima kwa rula gani? Andika: asije nyumba ninayoishi, asije gengeni kwangu pale stendi, asinipigie wala kutuma ndugu, watoto awaone Jumamosi kwenye ofisi ya Ustawi wa Jamii. Mama lishe mmoja tuliliandika mpaka jina la mti ulio mbele ya banda lake, kwa sababu yule bwana alikuwa hasogei bandani, anakaa chini ya mti siku nzima anamtazama. Hagusi mtu, hasemi neno. Wateja wakakimbia. Hakimu aliuelewa ule mti.

Hapa kuna jambo linaloniudhi na nitalisema taratibu. Mahakama ikitoa wito, mara nyingi karatasi anapewa nani apeleke? Anapewa aliyefungua shauri. "Mama, chukua, mpelekee mwenyekiti wa mtaa amfikishie." Mwenyekiti hayupo, kaenda shamba. Mama anarudi nyumbani na wito kwenye pochi, mume anapekua pochi. Yaliyobaki malizieni wenyewe. Wenyeviti wa mitaa mliomo humu, hii ni kazi yenu na naomba muibebe. Mpokeeni wito mama huyo akiwa bado njiani, muupeleke nyinyi, muwe wawili, na mrudishe mahakamani nakala iliyosainiwa. Mkishindwa, mwambieni arudi kwa karani aombe upelekwe na mahakama yenyewe. Asiubebe.

Zuio likishatoka ni karatasi. Sitawadanganya. Halina mikono. Nimeona la kwanza likikunjwa na kuwekwa kwenye Biblia, mama akaamini limefanya kazi. Linahitaji nakala. Moja kwenye mkoba. Moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Moja Dawati la Jinsia, na amuone afande kwa sura, amjue jina. Moja kwa mwalimu mkuu, kwa sababu anayezuiwa kumfikia mama atamfuata mtoto saa 8 mchana getini na pipi. Moja kwa jirani wa ukuta mmoja. Kutoa nakala ni shilingi mia mia, mkiwa na moyo mchangieni. Na akilivunja, isiwe "tumemsamehe kwa leo". Kukaidi amri halali ya mahakama ni jinai, Kanuni ya Adhabu inampeleka mtu hadi miaka 2 jela. Aliyekuja akasimama mlangoni kwa dakika moja "kuwasalimia watoto" amelivunja sawa na aliyevunja mlango. Wazee wetu hapo ndipo mnapolegea: "Alikuja kwa wema." Wema aupitishe mahakamani, aombe amri ibadilishwe.

Kwa ambao si wanandoa, niseme haraka maana muda unanikimbia. Walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, sheria inawadhania ni wanandoa, anaweza kuingilia mlango huo. Binti anayesumbuliwa na mpenzi aliyeachana naye, njia yake ni polisi, kutishia mtu ni kosa, na hakimu wa jinai ana uwezo wa kumwekea mtu dhamana ya kutunza amani. Si rahisi kama Kenya. Ndiyo maana tunaomba sheria.

Sasa kuna mama wa kanisani. Anasema, "Mimi sitaki talaka, ndoa yangu ni ya altare, nataka tu anipe nafasi nipumue." Mnamrudisha nyumbani kwa sababu hataki talaka. Msimrudishe. Sharti la kupitia baraza limewekwa kwa talaka. Anayetaka amri ya kutengana anaweza kwenda mahakamani, anabaki mke mbele ya kanisa lake, na zuio anaweza kuomba vile vile. Na kwa ndugu zangu Waislamu, talaka ikishatolewa au khului, ile anayoiomba mke, ikishapita, msidhani ulinzi umekuja nayo. Eda anaikalia wapi? Kama ni nyumba ile ile na bwana yule yule, baraza lenu limuulize swali hilo kabla ya mengine.

Na bibi arusi wa mwaka mmoja? Sheria inazuia kufungua talaka kabla ndoa haijatimiza miaka 2, ila mahakama inaweza kuruhusu kwa mateso yasiyo ya kawaida. Msimwambie "vumilia mpaka ifike miwili". Kuna watu hawafiki.

Nimesikia minong'ono upande ule wa baba zangu. Semeni tu. (Mzee mmoja akasema: "Binti, na hawa wanaotumia hizo karatasi kututoa kwenye nyumba tulizojenga?")

Asante mzee wangu, shikamoo. Wapo. Sitasema hawapo. Nilishamwandikia mmoja mwenyewe, nikaja kujua baadaye kuwa jeraha la mguuni lilikuwa la pikipiki. Mume alipoitwa alileta cheti cha hospitali na dereva, zuio likafutwa siku hiyo hiyo, na yule mama alionywa kuwa kuapa uongo ni jinai. Mfumo ulifanya kazi. Zuio la upande mmoja ni la muda, nawe utaitwa, utasema lako. Na halimpi mtu nyumba. Linasema tu wewe lala kwa kaka yako wakati hakimu anawasikiliza. Mwenye nyumba ni suala la kifungu cha 114, mgawanyo wa mali, huko kila mtu ataonyesha jasho lake.

Na mama zangu wanaobaki kwenye kipigo kwa kuogopa kupoteza nyumba, hili ni lenu. Kukimbia kuokoa uhai hakufuti jasho lako. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Seif, kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Kila mtu analitaja jina la Bi Hawa. Wachache wanajua kuwa yeye mwenyewe aliondoka bila mgawo, mahakama ilisema alishapewa fedha za mradi akazitumia vibaya. Alifungua mlango wengine wakapita. Kwa hiyo mama usitoke mikono mitupu ya ushahidi: picha ya hati, risiti za mabati, namba ya kiwanja. Na nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, hicho ni kifungu cha 59, nenda ofisi ya ardhi uweke zuio jingine, la kuuza, kwenye hati ya nyumba kabla dalali hajaja na tochi.

Jambo la mwisho ni la karatasi, mnisamehe. Hati yenu ya kushindwa kusuluhisha, ile fomu namba 3, ina uhai wa miezi 6. Ikipita hapo kabla shauri halijafunguliwa, mahakama haiipokei na mtu anarudi kwenu, anarudi kwenye benchi, na kikohozi kinamsubiri. Nimekuta hati zilizokaa kwenye droo ya ofisa mtendaji miezi 4 kwa kukosa saini ya mjumbe mmoja aliyesafiri. Andikeni tarehe kubwa juu, mwambieni mwenyewe kwa mdomo: miezi 6 kuanzia leo. Kama hajui kusoma, mhesabieni kwa misimu, mwambieni kabla ya mvua za vuli.

Nimeleta nakala 40 za mfano wa ombi la zuio kwa Kiswahili, zimeachwa nafasi za kujaza. Ziko kwa mtendaji, meza ya mlangoni, pale penye chupa ya chai. Kila baraza lichukue 4. Na kuhusu samani, mheshimiwa diwani ameniambia hapa pembeni kuwa viti vya plastiki vipo stoo ya kata, 60, vilinunuliwa kwa ajili ya sensa. Naomba tuanze kwa kuvihesabu.